Kuitwa Jeshini kwa Lazima, na Nani Atakayesema Basi

Ibara ya 17 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaeleza wajibu wa raia, na wengi wetu tunaikumbuka kwa mambo tuliyoyazoea: kulipa kodi, kulinda mazingira, kuheshimu haki za wengine. Sehemu yake ya pili haisomwi sana. Inasema kwamba ni wajibu wa kila raia mwenye afya na nguvu kupata mafunzo ya kijeshi kwa ajili ya kuilinda Katiba na mipaka ya nchi kila atakapoitwa, na kwamba Serikali itahakikisha mahali pa kutolea mafunzo hayo papo. Haisemi wanaume. Inasema raia wote.

Mimi ni mwalimu wa historia mjini Tororo, na kila ninapoifikia ibara hiyo darasani swali huja lenyewe. Je, katika zama hizi kuna wakati ambapo dola ina haki ya kumchukua kijana asiyetaka, ikamvisha sare, ikampa bunduki na kumpeleka mahali anapoweza kufa? Jeshi letu, UPDF, ni jeshi la hiari, na hakuna kuruta anayefikishwa kambi ya mafunzo ya Kaweweta kwa amri ya mahakama. Hata hivyo, mlango ule wa ibara ya 17 upo, na kila baada ya muda mtu mwenye madaraka huukumbuka na kusema kwamba vijana wa siku hizi wangefaa kupitishwa huko. Nimeona niandike jibu langu kwa urefu, kwa kuwa ndiyo au hapana tupu hainitoshi. Naamini kuitwa kwa lazima kunaweza kuwa haki, lakini ni mara chache mno, na kinachoamua si ukubwa wa hatari peke yake. Kinachoamua ni kama kuna mtu, chombo au sheria yenye uwezo wa kumwambia yule aliyeita: basi, sasa warudishe makwao.

Afrika Mashariki ililijua jambo hili hata kabla ya kuwa na nchi tunazoziita zetu. Kati ya 1914 na 1918, Waingereza na Wajerumani walipopigana katika ardhi yetu, mizigo ya majeshi ilibebwa vichwani mwa watu kwa kuwa mbung'o waliwamaliza wanyama. Wapagazi walikusanywa kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, na machifu walitakiwa kutoa idadi ya wanaume waliyoambiwa. Si vigumu kujua orodha za namna hiyo huanzia nyumba zipi: ya mjane, ya mgeni, ya mtu mwenye kesi ya shamba na chifu. Kwa upande wa Waingereza peke yao, kumbukumbu za utawala zilikiri vifo vya zaidi ya wapagazi 40,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na kuhara, malaria na kukosa chakula. Walikufa kwa ajili ya ugomvi wa wafalme wa Ulaya, na hapakuwa na chombo hata kimoja ambamo mpagazi au mamaye angeweza kuuliza kazi ile ingekwisha lini.

Nikitaja kulazimishwa kushika silaha mbele ya mtu wa Gulu, Kitgum au Lira, kaskazini mwa nchi yetu, najua hawazi wapagazi. Anawaza watoto. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Oktoba 1996, waasi wa LRA waliingia katika Shule ya Wasichana ya St. Mary's, Aboke, wakaondoka na wasichana 139. Naibu mkuu wa shule, Sista Rachele Fassera, aliwafuata porini kwa miguu pamoja na mwalimu mwenzake, akawasihi makamanda mpaka wakamrudishia 109. Thelathini walibaki mikononi mwa waasi, naye alilazimika kuwapa mgongo akiwasikia wakilia. Hao ni wa shule moja na usiku mmoja. Kwa miaka yote ya vita ile watoto waliotekwa walihesabiwa kwa makumi elfu, na wale waliosalia vijijini walikuwa wakitembea kila jioni kwenda kulala mjini, kwenye veranda za maduka na viwanja vya hospitali, ili asubuhi iwakute bado ni watoto wa wazazi wao.

Mtu atasema kwamba huo ulikuwa utekaji, na kwamba kuufananisha na wito wa dola halali si haki. Nakubali kwamba haviko sawa. Lakini namwomba atazame kesi ya Dominic Ongwen, ambaye alitekwa akiwa mtoto wa miaka tisa hivi akienda shule, akalelewa na bunduki mpaka akawa kamanda wa LRA, na ambaye tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61, mojawapo likiwa ni hilo hilo la kuwaandikisha watoto jeshini. Alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Ninapolifundisha jambo hilo, darasa hukaa kimya kwa muda mrefu, kwa sababu wanafunzi huona mara moja kwamba aliyelazimishwa anaweza kugeuka kuwa mlazimishaji bila kufika siku hata moja ambayo mtu alimwambia: umemaliza, nenda nyumbani. Kinachotenganisha wito wa dola na utekaji wa porini lazima kiwe kitu kizito kuliko sare na muhuri. Lazima kuwe na sheria inayomfunga anayeita kama inavyomfunga anayeitwa.

Sasa nije kwenye hoja yenye nguvu zaidi ya wale wanaounga mkono wito wa lazima, kwa kuwa nimeishi nayo ndani ya familia. Wanasema jeshi la hiari si la hiari kweli, kwamba huchukua watoto wa maskini na kuwaacha wa matajiri wakisoma ng'ambo. Mpwa wangu aliingia jeshini miaka kadhaa iliyopita, na mimi ndiye niliyemsindikiza siku ya usajili. Uwanja wa mpira ulikuwa umejaa tangu alfajiri. Vijana walikuwa wamebana vyeti vyao vya kidato cha nne na barua za mwenyekiti wa kijiji (LC1) ndani ya mifuko ya nailoni ili umande usivilowanishe, na walipoambiwa wavue mashati waliandikwa namba kifuani kwa kalamu ya wino mzito. Kisha wakakimbizwa. Wengi walikimbia pekupeku, si kwa kupenda bali kwa kuwa viatu walivyokuja navyo vilikuwa malapa. Mmoja alianguka karibu kabisa na mstari, akatambaa, akauvuka kwa mikono. Afande mmoja akamtazama, akaandika kitu kwenye daftari, na yule kijana akabaki amelala chali akiuliza kwa sauti kama namba yake imechukuliwa. Nilimuuliza mpwa wangu, tukiwa tunasubiri majina yasomwe, kama ana hakika na anachokifanya. Alinijibu kwa heshima, macho chini: "Mjomba, nikikaa nyumbani nitafanya nini?"

Lile ndilo jibu la vijana wengi waliokuwa uwanjani siku ile, na ni kweli kwamba hakuna mtoto wa mkubwa yeyote niliyemwona akikimbia pekupeku. Uganda ilipeleka majeshi Somalia Machi 2007, ikawa nchi ya kwanza kufanya hivyo chini ya Umoja wa Afrika. Mei 2023, al-Shabaab waliposhambulia kambi ya Bulo Marer na Rais akatangaza kwamba askari wetu 54 wameuawa, ni nyumba za watu kama dada yangu zilizolala na simu mkononi. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba wito wa lazima ungegawa mzigo kwa usawa, sikatai kwamba mzigo leo haugawanyiki kwa usawa.

Ninachokataa ni imani kwamba kulazimisha kutausawazisha. Marekani ilijaribu. Wakati wa vita vya Vietnam, kijana aliyekuwa chuo kikuu aliahirishiwa wito. Aliyekuwa na daktari wa kumwandikia barua aliachwa. Na hata walipoleta bahati nasibu ya tarehe za kuzaliwa, tarehe 1 Desemba 1969, nafuu ya wanafunzi iliendelea kwa muda. Muhammad Ali, ambaye hapa kwetu hata asiyejua ngumi anamjua, alikataa kuitikia wito mjini Houston tarehe 28 Aprili 1967. Alivuliwa ubingwa, akahukumiwa miaka mitano, na ni mwaka 1971 tu ambapo Mahakama ya Juu ya nchi yake ilifuta hukumu ile. Yeye alikuwa na jina na mawakili. Mtoto wa mkulima wa Alabama hakuwa navyo. Urusi nayo, ilipoita watu 300,000 Septemba 2022, malalamiko mengi yalitoka katika majimbo ya pembezoni na maskini kama Buryatia na Dagestan, ilhali maelfu kwa maelfu ya waliokuwa na nauli walivuka mipaka. Katika nchi ambayo cheti cha daktari kinaweza kununuliwa, kulazimisha hakumwongezi mtoto wa tajiri kwenye mstari. Kunamnyang'anya mtoto wa maskini kile kidogo alichobaki nacho, yaani uwezo wa kusema sitaki.

Kama nilikuwa na shaka yoyote juu ya hili, iliondolewa na mtu mmoja ninayemtembelea Kansanga kila ninapokwenda Kampala kusahihisha mitihani ya taifa. Ni Mwaritrea. Ana duka dogo la vyakula, na nyuma ya kaunta huwa na birika la udongo la kahawa yao ambayo huinywa vikombe vitatu bila haraka. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na ndiyo maana tulielewana upesi. Hata leo huniita Mwalimu, nami humwita hivyo hivyo. Hakuomba kuwa mwalimu. Alimaliza mwaka wake wa mwisho wa sekondari katika kambi ya Sawa, kama wanavyofanya vijana wa nchi yake, asubuhi gwaride na baadaye masomo, kisha akapangiwa kufundisha kama sehemu ya utumishi wa taifa, kwa posho ambayo haikutosha kodi ya chumba. Sheria ya Eritrea ya mwaka 1995 ilisema utumishi huo ni miezi 18. Yeye alikaa humo zaidi ya miaka kumi.

Siku moja alinionyesha kibali chake cha mwisho cha kusafiri, ambacho amekikunja mara nne na kukihifadhi ndani ya nailoni pamoja na hati yake ya ukimbizi. Karatasi imekuwa na rangi ya chai na mikunjo imeanza kukatika. Alinitafsiria mstari kwa mstari: jina, kikosi, mji anaoruhusiwa kwenda, siku ya kuondoka, na siku ya kurudi kambini. Nilimuuliza hati ya kuachiliwa ni ipi. Akasema hakuwahi kuwa nayo, wala kaka yake, wala rafiki zake wa darasani. Ndiyo hati ambayo kila mtu wa rika lake aliisubiri, na alipochoka kuisubiri alivuka mpaka usiku. Kibali kile kilikuwa kimekwisha muda akiwa tayari upande wa pili.

Nataka kuwa mwadilifu kwa Eritrea, kwa sababu hatari yake haikuwa ya kubuni. Mei 1998 vita vya mpaka na Ethiopia vililipuka, na kwa miaka miwili makumi elfu ya watu walikufa kwenye mahandaki. Nchi ndogo iliyopata uhuru 1993, baada ya miaka 30 ya mapigano, ilikuwa na kila sababu ya kuwaita vijana wake wote, na kama mtu angeniuliza mwaka 1998 kama wito ule ni wa haki huenda ningesema ndiyo. Lakini makubaliano ya amani yalitiwa saini Desemba 2000, na wito haukufutwa. Julai 2018 viongozi wa nchi hizo mbili walikumbatiana Asmara, mji mkuu wa Eritrea, na kutangaza kwamba vita vimekwisha, na bado haukufutwa. Katiba iliyoidhinishwa 1997 haijawahi kutumika, Bunge halijakutana tangu 2002, na uchaguzi wa taifa haujafanyika tangu uhuru. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilisema mwaka 2016 kwamba hali ile imefikia utumwa. Naamini tume ilitumia jina lililostahili. Wito ulioanza kwa sababu ya haki uligeuka kuwa utumwa, na hakuna siku moja unayoweza kuinyooshea kidole ukasema ndipo ulipogeuka, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwenye kazi ya kuihesabu.

Ndiyo maana ninapoisoma habari ya Ukraine huisoma kwa moyo mzito. Hapa kuna nchi iliyovamiwa mchana kweupe Februari 2022, na jirani mwenye nguvu kuliko yeye, aliyekuja kumfuta kabisa. Kama kuna wito wa lazima wenye haki katika zama zetu, ni huu, na wito wa Urusi katika vita hivyo hivyo ni kinyume chake, kwa kuwa hakuna haki ya kumlazimisha mtu kwenda kuvunja nyumba ya mwenzake. Wengine walikuwa wamezoea kusema kwamba vita vya kisasa ni vya wataalamu na ndege zisizo na rubani, na kwamba jeshi la watu wengi limepitwa na wakati. Handaki za Donbas, mashariki mwa Ukraine, zimewajibu. Hata hivyo, hata wito huu wa haki una jeraha lake. Wanaume wa miaka 18 hadi 60 walikatazwa kuondoka nchini. Aprili 2024 umri wa kuitwa vitani ulishushwa kutoka 27 hadi 25. Katika sheria ya mwezi huo huo, kifungu ambacho kingewaruhusu waliotumikia miezi 36 kurudi nyumbani kiliondolewa dakika za mwisho kwa ombi la wakuu wa jeshi, wakati wake za askari walikuwa wameshaanza kusimama barabarani na mabango kudai waume zao wapumzishwe.

Sitaki kuwahukumu wakuu wale kutoka Tororo. Kama mbadala ni kupoteza nchi, mtu huweza kuona kwa nini walikiondoa. Lakini naona pia kitu ambacho Asmara haina: Bunge la Ukraine linalazimika kupiga kura upya kila baada ya siku 90 ili amri ya vita na wito viendelee. Kura hizo hupita kila mara, na mtu anaweza kuziita desturi tupu. Mimi siziiti hivyo. Wake wale wa askari walikuwa na mlango wa kubisha, na nyuma ya mlango kulikuwa na watu waliochaguliwa ambao majina yao na kura zao zinajulikana. Moscow ilifanya vingine. Oktoba 2022 Waziri wa Ulinzi alitangaza kwamba wito umekamilika, lakini amri rasmi ya kuufuta haikutolewa, na walioitwa wakabaki vitani.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa zamani kidogo. Mwaka 1940, Marekani ikiwa bado haijaingia katika Vita Kuu ya Pili, Bunge lake lilipitisha wito wa lazima, na sheria ikasema kijana atatumikia miezi 12. Mwaka ulipokaribia kwisha, vijana kambini wakaanza kuhesabu siku, na Serikali ikataka kuwaongezea muda. Ilibidi irudi bungeni kuomba. Agosti 1941 Baraza la Wawakilishi likapiga kura: 203 wakakubali, 202 wakakataa. Miezi minne haijatimia, Japani ikaishambulia kambi yake ya majini ya Pearl Harbor. Najua mtu anaweza kuutumia mfano huu dhidi yangu, akasema kwamba kura moja tu ingegeuka jeshi lingetawanyika usiku wa kuamkia vita, na kwamba tarehe ya mwisho ni anasa ambayo taifa lililo hatarini halina. Nimelifikiria sana pingamizi hilo, na sidhani linasimama. Waliopiga kura walijua hatari, walibishana hadharani, na wakaamua. Jeshi lililobaki kambini baada ya kura ile lilikuwa limebakizwa na watu waliokuwa tayari kujibu kwa wapiga kura wao, na naamini hiyo ni sehemu ya sababu zilizofanya lipigane kama lilivyopigana. Mwaka 1973, mamlaka ya kuita kwa ajili ya Vietnam yalikwisha kwa namna hiyo hiyo, muda wa sheria ulipofika na Bunge halikuuongeza.

Karibu nasi zaidi iko Tanzania. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuliteka eneo la Kagera, na Mwalimu Nyerere akawaambia wananchi wake maneno ambayo mpaka leo wazee wa upande huu na ule wanayakumbuka, kwamba sababu ya kumpiga wanayo, nia wanayo na uwezo wanao. Jeshi la watu wapatao 40,000 lilipanuka haraka likapita 100,000, likiongezewa mgambo, vijana wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), polisi na askari magereza. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Vita vilipokwisha mgambo wengi walirudishwa vijijini kwao, ingawa vikosi vingine vilibaki Uganda hadi 1981. Kwa anayetaka kulazimisha watu, sababu, nia na uwezo havitoshi. Namdai na mwisho. Namkumbuka Nyerere pia kwa jambo la Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga JKT ya lazima na mishahara yao kukatwa. Aliwarudisha makwao karibu 400, jambo ambalo naliona kuwa la ukali kupita kiasi, lakini siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kiongozi anayeanza na mfuko wake ana mdomo wa kuwaita watoto wa watu.

Hoja ya nidhamu sitaitumia muda mwingi. Mjomba wangu mmoja, mzee aliyewahi kuwa askari, hushikilia kwamba vijana wetu wangenyooka kama wangepitishwa kambini mwaka mmoja, na anapolisema hilo kwenye mikutano ya ukoo wengi huitikia. Namheshimu sana, na nimemwambia kwamba kama tatizo ni ulevi na kukosa kazi, basi tunahitaji kazi na walezi. Bunduki haikubuniwa kulea. Chaka-mchaka tulishaiona hapa kwetu tangu mwaka 1986, mafunzo ya silaha yakichanganywa na siasa, na waliopitia chuo cha uongozi cha Kyankwanzi wenyewe watakuambia ni kiasi gani cha mafunzo yale kilihusu kuilinda nchi na kiasi gani kilihusu kukilinda chama tawala.

Mtu mwingine ataniuliza: na kama hakuna anayejitolea, nchi ifutwe? Namjibu kwa Teso, mashariki mwa nchi. Mwaka 2003, LRA waliposhuka mpaka huko, vijana walijitokeza wenyewe kuwa wanamgambo walioitwa Arrow Boys, na katika eneo jirani la Lango wakajitokeza walioitwa Amuka. Hakuna aliyewakimbiza. Walikuwa wanawaona adui kwenye mashamba ya mama zao. Kilichokuwa kigumu ni baada ya vita, kwani wengi wao walidai malipo na kutambuliwa kwa miaka mingi. Hata wa hiari, basi, tuliwapokea bila kupanga tutawaachiliaje.

Kuna jambo moja katika Katiba yetu ambalo waandishi wake walilifikiria vizuri na ambalo nasikitika halizungumzwi. Ibara ya 25 inakataza utumwa na kazi za kulazimishwa, na inapotaja yasiyohesabiwa kuwa kazi za kulazimishwa inamtaja mtu ambaye dhamiri yake inamkataza utumishi wa kijeshi, kwamba sheria inaweza kumpa kazi nyingine badala yake. Maana yake ni kwamba Katiba ile ile inayosema tutaitwa inajua kwamba wapo watakaosema hapana kwa imani yao, na haiwaiti wahaini. Korea Kusini iliwafunga watu wa namna hiyo kwa maelfu kwa miongo mingi mpaka Mahakama yake ya Katiba ilipoamua mwaka 2018 kwamba lazima wawe na njia nyingine. Kazi mbadala waliyopewa ni miezi 36 magerezani kama watumishi, mara mbili ya utumishi wa askari wa kawaida, nami naona muda huo una harufu ya adhabu. Hapa kwetu hatuna wito wa lazima, kwa hiyo kazi hiyo mbadala haijahitaji kuandikwa. Siku mswada utakapoletwa bungeni, hiyo iandikwe kabla ya ukurasa wa adhabu.

Binti yangu yuko kidato cha tano na anasoma historia, tena kwa ubishi kuliko babaye. Aliisoma ibara ya 17 akaona kwamba haiwabagui wasichana, akaniuliza mezani, mama yake akisikiliza: "Baba, wakiniita mimi utasema nini?" Nilimwomba anipe siku chache, kwa kuwa sikutaka kumjibu kwa maneno ya darasani. Kisha nikamwambia hivi. Kama nchi imevamiwa na Bunge limekaa wazi na kupiga kura kwa majina. Kama sheria imetaja siku utakayorudi, na anayetaka kuisogeza mbele lazima arudi bungeni kuomba. Kama watoto wa mawaziri wamo kwenye orodha hiyo hiyo iliyobandikwa ukutani. Na kama mwenzako asiyeweza kuua kwa imani yake amepewa kazi hospitalini badala ya kupewa jela, basi nitakusindikiza mpaka langoni mwa kambi, na nitakuwa na hofu, lakini sitakuzuia. Likikosekana moja tu katika hayo, mwanangu, nitakuficha, na wakija kuniuliza uko wapi nitakubali kufungwa mimi.

Mama yake alisema kwamba yeye hahitaji masharti yote hayo, angemficha tu. Bado hatujakubaliana.